Kiraka juu ya kutu si ukarabati: wanagenzi wafundishwe kuchomelea bati jembamba

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo linalofanyika kila siku katika gereji zetu za Dar es Salaam, Tanga, Zanzibar na Mombasa, ambalo abiria halioni kwa sababu limefunikwa na kapeti. Gari linaletwa sakafu imeliwa na kutu. Kijana wa gereji anakata kipande cha bati, anakilaza juu ya tundu, anapiga matone machache ya fimbo ya kuchomelea ya geji 12 pembeni, anasawazisha kwa puti, anapaka lami, kapeti linarudishwa. Mwenye gari analipa na kushukuru. Zikipita masika mbili, kiraka kinakuwa kimeshikwa na lami tu, maana bati la zamani lililokuwa chini yake limekwisha.

Simlaumu kijana huyo kuwa mvivu. Amefanya alichofundishwa. Wengi wa vijana wetu hujifunza kuchomelea kwa mageti na grili za madirisha: nondo, flatbaa, bomba za mraba. Mkono wao unazoea fimbo za milimita 2.5 na 3.2 na umeme wa ampea 80 na kupanda. Sakafu ya gari dogo ni bati la milimita 0.7 hadi 1. Ukilipelekea moto wa geti, linatoboka kabla hujasogeza mkono. Kijana akishatoboa mara mbili tatu anaingiwa na woga, anapunguza umeme mno, na sasa chuma kinadondoka juu ya bati bila kuyeyuka pamoja nalo. Yale matone yanayoonekana kama mshono hayajashika kitu. Ukiyapiga tindo yanabanduka.

Wapo wanaosema sakafu si kitu, ni mahali pa kuwekea miguu. Hapo ndipo penye hatari. Magari madogo karibu yote yanayotembea barabarani kwetu hayana chesisi ya peke yake kama Land Cruiser au pikapu. Sakafu, boksi za chini ya milango na mihimili inayokatiza chini ya viti ndiyo chesisi yenyewe. Bolti za viti zimefungwa hapo. Vishikizo vya mikanda ya usalama vimefungwa hapo au karibu na hapo. Gari likigonga, mkanda unavuta sehemu hizo kwa nguvu nyingi kuliko uzito wa mtu, na bolti nzima iliyofungwa kwenye bati bovu hung'oka na bati lake. Uingereza, katika ukaguzi wa magari wa kila mwaka, kutu iliyodhoofisha bodi ndani ya sentimita 30 kutoka mahali mkanda au sasipensheni ilipofungwa huliangusha gari, na kiraka cha eneo hilo lazima kiwe na mshono usiokatika kuzunguka pande zote, si vidoto, yaani nukta za kuchomelea zilizoachana. Sioni kwa nini abiria wa Kariakoo astahili pungufu ya hapo.

Na sisi wa pwani tuna kutu ya kutosha. Hewa ya bahari ina chumvi. Magari yanapita kwenye maji ya mafuriko pale Jangwani, maji yanapenya chini ya kapeti na kubaki humo wiki nzima. Mengine yanatoka Japani yakiwa yamekwisha anza kuliwa, hasa yaliyotumika Hokkaido na mikoa ya kaskazini ambako barabara humwagiwa chumvi kuyeyusha theluji. Rangi ya juu inang'aa, chini pameanza kuchanua.

Kabla ya kukata chochote, fundi atafute maji yanaingilia wapi, kwa sababu sakafu mpya juu ya chanzo kilekile itaoza kama ya zamani. Kwa hali ya hewa yetu, cha kwanza kukitazama ni mpira wa kutolea maji ya kiyoyozi, ule unaotokeza chini ya dashibodi upande wa abiria. Ukiziba kwa vumbi, maji yote ya kiyoyozi yanadondokea ndani, na kapeti la abiria wa mbele linalowana hata kiangazi. Kinachofuata ni mpira wa kioo cha mbele, matundu ya kutolea maji yaliyo chini ya milango, na vizibo vya raba vya sakafuni vilivyokauka.

Kisha toa viti, kapeti na zile shuka za lami za kuzuia kelele zilizogandishwa kwenye bati. Usizichome kwa moto, zina moshi mbaya na zinashika haraka. Zigandue kwa patasi pana. Chukua bisibisi ya zamani na nyundo ndogo, upite sakafu nzima sentimita kwa sentimita. Bati zima linalia kwa sauti ya juu na bisibisi inateleza. Bati bovu lina sauti iliyokufa, na ncha inazama. Tundu la ukubwa wa sarafu likishasafishwa mara nyingi huwa la ukubwa wa kiganja au zaidi, kwa sababu kutu huanzia pale mabati mawili yalipopandishana na kutambaa katikati yao bila kuonekana. Weka alama sentimita 2 hadi 3 ndani ya bati zima, si ukingoni mwa kutu. Kuchomelea kwenye bati lililokonda kwa kutu ndiyo sababu kubwa ya matundu yasiyoisha: unaziba moja, linafunguka jingine pembeni.

Ikiwa kutu imefika kwenye boksi la chini ya mlango, usikate sakafu na boksi kwa pamoja gari likiwa limening'inia kwenye jeki. Bodi inalegea na kukaa hivyo. Pima nafasi kati ya mlango na nguzo zake kabla ya kukata, ziandike kwa chaki, na uchomelee bomba au ango (chuma cha pembe) la muda kwenye mwanya wa mlango. Maliza upande mmoja ndipo uende wa pili. Mlango usipofunga kama ulivyokuwa, simama. Na kwa magari mapya zaidi, nguzo na viimarisho vya ndani vya boksi hutengenezwa kwa chuma kigumu maalumu ambacho moto wa gereji unakiharibu. Mwanagenzi asiviguse kabisa.

Bati la kiraka nalo lina mambo yake. Linalofaa ni bati jeusi la geji 20, yaani kama milimita 0.9. Karibu na viti weka geji 18, milimita 1.2. Bati la kuezekea la geji 28 au 30, ambalo nimeliona kwenye magari mengi mno, halifiki hata nusu milimita, na limepakwa zinki. Zinki ikiungua inatoa moshi mweupe unaomletea mchomeleaji homa na kutetemeka jioni yake, na inajaza mshono vijitundu. Kata kiolezo cha karatasi ngumu kwanza, ukijaribishe mahali pake mpaka kikae, ndipo ukihamishie kwenye bati. Pembe za kiraka ziwe za mviringo. Pembe kali hukusanya joto na huanzia ufa. Sakafu ya kiwandani ina mikunjo iliyopigwa kuipa ugumu. Kiraka kipana kilicho bapa kitavuma gari likitembea, hivyo kipige mikunjo miwili mitatu kwa nyundo juu ya nondo ya milimita 10 kabla ya kukifunga.

Sasa mashine. Kwa bati hili mashine ya MIG yenye gesi, ile inayosukuma waya kupitia bunduki ya kuchomelea, ndiyo mwalimu mzuri kuliko zote. Waya wa milimita 0.6 ni bora, wa 0.8 unawezekana ukiwa na mkono uliotulia. Rola na ncha ya shaba vilingane na waya, la sivyo waya unakwama na kusukumwa kwa vipindi. Gesi ya mchanganyiko wa agoni takribani asilimia 80 na kaboni dayoksaidi 20 inatoa moto laini. Kaboni dayoksaidi tupu inafanya kazi pia, ila inazama zaidi na kurusha cheche nyingi. Lita 8 hadi 12 kwa dakika zinatosha. Umeme uwe kati ya ampea 30 na 50. Wenye mashine zinazotumia waya usiohitaji gesi wabadilishe pia nyaya za ndani ya mashine: kwa gesi bunduki huwa kwenye chanya, kwa waya usio na gesi huwa kwenye hasi. Wengi hawabadilishi, kisha wanailaumu mashine. Na kama gereji ina mashine ya fimbo tu, basi itafutwe fimbo ya E6013 ya milimita 2 au 1.6, ampea 35 hadi 50, mabati yapandishane, na kazi iwe ya vidoto vifupi vifupi. Inawezekana, ila si pa kuanzia kujifunza.

Neno kuhusu umeme wenyewe. Ekstensheni ndefu ya waya mwembamba inaiba volti njiani. Moto unakatika na kurudi, na mwanagenzi anadhani kosa ni la mkono wake. Tumia waya wa milimita za mraba 2.5, na usiuache umejiviringa kwenye roli yake, maana unapata moto.

Mwanagenzi asianzie kwenye gari. Achukue boneti au mlango uliotupwa, akate vipande vya sentimita 10 kwa 5, aondoe rangi pande zote mbili mpaka chuma king'ae. Aunganishe viwili viwili ncha kwa ncha, akiacha mwanya wa kama unene wa bati lenyewe. Waya utokeze milimita 8 hadi 10 kutoka kwenye ncha ya shaba. Asikilize. Moto uliokaa sawa unalia mfululizo kama maandazi yakiingia kwenye mafuta. Bunduki ikimsukuma mkono na kupiga risasi za kukatika, waya unakwenda kasi mno. Waya ukiungua na kugandia kwenye ncha, unakwenda polepole. Abadilishe kitu kimoja kwa wakati mmoja, ama umeme ama kasi ya waya, vinginevyo hatajua kilichomsaidia.

Kisha ageuze kipande. Hapa ndipo elimu yote ilipo, na ndipo walimu wengi wa gereji hawapaoneshi. Upande wa nyuma unatakiwa kuonesha mstari mwembamba wa chuma kilichopenya, umeinuka kidogo, wenye rangi ya bluu pembeni. Kama nyuma ni safi haina alama, mshono uko juu tu. Kama nyuma kuna machozi yanayoning'inia, moto ni mwingi au mkono umechelewa. Baada ya kutazama, kipande kifungwe kwenye jiliwa mshono ukiwa juu kidogo ya meno, kikunjwe kwa nyundo mpaka kilale, kikunjuliwe, kikunjwe tena. Mshono mzuri unaliacha bati lichanike pembeni yake. Mshono wenyewe ukifunguka, kazi haijafika kwenye gari la mtu. Sijui kipimo kingine cha haki kuliko hiki, na hakina gharama yoyote.

Akifaulu, ahamie sakafuni. Kiraka kinashikizwa kwanza kwa vidoto, kimoja kila sentimita 2.5 au 3, lakini si kwa kufuatana: kimoja mbele, kimoja nyuma, kimoja kushoto, kimoja kulia. Baada ya kila vidoto kadhaa, kiraka kigongwe kilingane na bati la gari. Ndipo mapengo yazibwe kwa mishono mifupi isiyozidi sentimita 2, kila mmoja mbali na uliotangulia. Mahali ulipochomelea pasirudiwe mpaka pashikike kwa mkono mtupu. Fundi mwenye haraka anayevuta mshono mrefu wa mkono mmoja atakuta sakafu imejikunja na kuinuka katikati, na hapo hata nyundo haisaidii sana, kwa sababu bati limeshavutwa. Penye mwanya uliozidi, weka nyuma yake kipande cha bomba la shaba la friji lililopigwa likawa bapa. Chuma hakigandi kwenye shaba, na shaba inabeba joto, hivyo tundu linazibika bila kupanuka.

Kama mabati yanapandishana, yapandishane milimita 12 hadi 15. Bati la juu litobolewe matundu ya milimita 6 kila baada ya sentimita 3 au 4, na kila tundu lijazwe kwa kuanzia moto katikati, kwenye bati la chini, kisha kuzungushia ukingo. Ndani ya mpandano paka kwanza praima ya zinki inayovumilia kuchomelewa. Mpandano ni rahisi kuliko ncha kwa ncha, ila ni mtego wa maji, kwa hiyo uzibwe juu na chini. Karibu na mikanda na viti usiishie kwenye matundu. Funga mshono kuzunguka.

Vijitundu kama vya mkate kwenye mshono vinasema gesi haijafika. Mara nyingi ni upepo. Gereji zetu ziko wazi, upepo wa bahari wa mchana unatosha kuipeperusha gesi, na feni ya fundi inatosha pia. Weka kizuizi cha ubao au turubai lililolowana. Kama hakuna upepo, tazama nozeli iliyojaa cheche, kutu iliyobaki, rangi ya upande wa chini, au mtungi uliokwisha. Mshono wenye vijitundu unasagwa wote na kurudiwa. Kupitisha moto juu yake kunavifunika tu.

Kazi ikishakamilika, taa kali iwekwe chini ya gari gizani, mtu atazame kutoka ndani. Kila penye nukta ya mwanga, maji yatapita. Nukta hizo ziwekewe alama ya chaki, zisafishwe na kuchomelewa, si kuzibwa kwa puti. Kusaga mshono kufanywe kwa diski ya msasa wa kipepeo, kwa mkono mwepesi. Jiwe gumu la grenda linakondesha bati la jirani mpaka linabaki karatasi. Baada ya hapo praima ya epoksi pande zote mbili, gundi ya kuziba mishono, rangi nzito ya chini, na ndani ya boksi nta inayopulizwa kwa mrija mrefu kupitia matundu yake, kwa sababu moto umeunguza rangi ya ndani ambako brashi haifiki. Oili chafu wanayopaka wengine chini ya gari inalainisha na kuvimbisha bushi za raba, na itamwakia fundi atakayechomelea hapo baadaye. Lami juu ya kutu inafungia maji ndani.

Moto na macho nimevichelewesha kwa makusudi, ili visomwe vikiwa peke yake. Chini ya sakafu hupita bomba za petroli na za breki, na juu yake, chini ya kapeti, hupita nyaya. Vyote vifuatwe kwa mkono kutoka mbele hadi nyuma na visogezwe. Tanki likiwa karibu, lishushwe. Nyaya za betri zifunguliwe. Klempu ya athi, yaani ya waya unaorudisha umeme kwenye mashine, ifungwe kwenye bati lilelile linalochomelewa, umeme usitafute njia kupitia beringi na kompyuta ya gari. Mtu mmoja akae upande wa pili na kizimamoto na gunia lililolowana, na akae hapo nusu saa baada ya moto wa mwisho, kwa maana sponji na shuka za lami hufuka taratibu. Usisafishe chuma kwa dawa ya breki yenye klorini kabla ya kuchomelea: ikikutana na moto wa umeme hutoa fosjini, gesi inayoweza kuua. Na miwani ya jua si kinga. Kioo cha ngao kiwe namba 9 hadi 11. Mtoto wa jirani anayesimama kutazama naye ana macho, afukuzwe au pawekwe pazia.

Ninachoomba ni mambo matatu. Vyuo vya ufundi vya VETA na wenye gereji wampe kila mwanagenzi wa bodi bati la milimita 0.8 na jiliwa kabla ya kumpa gari, na kipimo cha kukunja kiwe sehemu ya mtihani wake. Wanaokagua magari, hasa daladala na mabasi ya shule, wainame na kugonga sakafu kwa bisibisi, si kuishia kwenye taa na matairi. Na mwenye gari aombe kuiona sakafu mara tatu: ikishakatwa, ikishachomelewa kabla ya rangi, na ikishapakwa kabla kapeti halijarudi. Hizo mara tatu azitaje siku ya kupatana bei, ili ziingie kwenye malipo, kwani kazi hii ikifanywa sawasawa inakula siku kadhaa na haiwezi kulipwa bei ya kiraka cha jioni moja.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Fundi bodi, Tanga